Jiwe jeusi la Msambweni na moto uliovunja bara

Ukivuka feri ya Likoni na kushika njia ya kusini, jiwe utakaloliona ni la aina moja tu. Ni jiwe la matumbawe, jeupe au la kijivu, lenye vitundu vitundu kama chila iliyotoka jikoni sasa hivi. Nyumba za zamani za Tiwi zimejengwa kwalo. Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, umejengwa kwalo. Hata yale majabali ambayo watalii wa Diani hukaa juu yake wakipigwa picha ni matumbawe yaliyokuwa hai yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo.

Kwa hivyo, msomaji, utaelewa kwa nini mpwa wangu alisimama mlangoni kwa shangazi, kule Msambweni, akaliinamia jiwe la kuzuilia mlango badala ya kuingia ndani kuamkia watu. Lilikuwa jiwe jeusi lenye kumetameta kidogo, kubwa kama nazi iliyofuliwa, na halikuwa na tundu hata moja. Alipojaribu kuliinua kwa mkono mmoja lilimshinda.

"Shangazi, hili limetoka wapi?"

"Kwanza shikamoo," shangazi akamwambia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hilo alilileta marehemu mjomba wako kutoka Dzombo, siku zile akiendesha trekta la miwa la Ramisi. Tangu hapo upepo wa kusi haujapata kuugonga mlango huu."

Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, mjomba naye ametutoka, lakini jiwe bado liko kazini. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu na anasoma Jiografia. Alikuwa amekuja pwani kuogelea. Usiku ule hakuzungumzia bahari hata kidogo. Alitaka kwenda Dzombo.

Jumapili asubuhi tukakodi gari dogo la kijana mmoja wa Ukunda, tukashika barabara ya Lunga Lunga. Kwa wale wa Nairobi na Mombasa wanaopanga safari kama hii, nasaha zangu ni chache: beba maji ya kutosha, vaa viatu vya kufunga, na mtafute mwenyeji kabla ya kuingia msitu wowote wa huku. Vilima hivi havina kibanda cha tiketi, lakini vina wenyewe.

Ukishapita Ramisi, nchi ni tambarare ya minazi, mikorosho na miwa. Kisha upande wa kulia, upande wa bara, vinatokeza vilima viwili ambavyo havifanani na kitu kingine chochote hapo. Kilicho kirefu ni Jombo, ambacho Wadigo hukiita Dzombo, chenye urefu wa zaidi ya mita 400 kutoka usawa wa bahari. Kilicho kifupi, kipana na chenye msitu mzito kichwani ni Mrima. Viko pia vidogo zaidi, Kiruku na Nguluku, ambavyo mgeni anaweza kuvipita bila kujua. Vyote vinne ni ukoo mmoja. Vyote ni mabaki ya volkano.

Najua wengi watashtuka. Tumezoea kwamba volkano ni mambo ya Longonot, Menengai na Kilimanjaro, na pwani ni mchanga na madafu. Lakini wanajiolojia wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1953 idara ya serikali ya madini na jiolojia ilichapisha ripoti ya P. V. Caswell kuhusu nchi ya Mombasa na Kwale, na ndani yake B. H. Baker akaeleza kwa kirefu miamba ya moto ya Jombo. Moto huo ulipanda katika zama za Kretasia, wakati madinosau bado yanatembea duniani. Ulitoboa mchangamawe wa Duruma, ule ule unaouona Mariakani na Mazeras, ukaganda chini ya ardhi. Mvua za mamilioni ya miaka zikaumenya mlima kutoka juu, na tulichobaki nacho ni kiini chake. Kwa hivyo usitafute shimo la moto huko kileleni. Hakuna.

Mrima ni wa ajabu zaidi. Mwamba wake wa asili ni wa jamii ya chokaa, lakini chokaa iliyopanda kutoka tumboni mwa dunia ikiwa imeyeyuka. Volkano za namna hiyo ni haba. Leo duniani kote ni moja tu inayotapika lava ya jamii hiyo, nayo iko kwa majirani zetu Tanzania: Ol Doinyo Lengai, mlima wa Mungu wa Wamaasai.

Tulisimama chini ya mkorosho, mpwa wangu ameshika kipande cha jiwe jeusi alichookota kando ya njia, ndugu na lile la shangazi. Akauliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa tangu Msambweni. Kwa nini hapa? Bonde la Ufa liko mbali kule. Moto huu ulifuata nini pwani?

Jibu lake ni refu, na linaanza kabla ya kuwepo pwani yenyewe.

Zamani za kale Afrika, Madagaska, Uhindi, Australia, Amerika ya Kusini na bara la barafu la kusini vilikuwa nchi moja, ambayo wataalamu huiita Gondwana. Kwale haikuwa na bahari. Mtu angeondoka Msambweni kwa miguu akaingia nchi ambayo leo ni Madagaska bila kulowa kisigino. Kisha ganda la dunia likaanza kuvutika na kunyong'onyea, kama unga wa chapati unaovutwa pande mbili. Pakatokea mabonde marefu, na mito ikayajaza mchanga na tope kwa zaidi ya miaka milioni mia. Mchanga huo ndio mchangamawe wa Duruma. Vilima vya Shimba, ambako familia nyingi huenda kuangalia palahala na ndovu, ni mchanga huo huo ulioinuliwa. Ukishuka kwenye maporomoko ya Sheldrick unashuka katika historia ya kuvunjika kwa bara.

Kuvunjika huko kulisindikizwa na moto wa kiasi ambacho akili haipendi kukikubali. Yapata miaka milioni 183 iliyopita, kusini mwa Afrika, ardhi ilipasuka nyufa ndefu na lava ikamwagika. Ilimwagika kama maji ya mafuriko, tabaka juu ya tabaka, bila kujenga mlima mmoja wenye ncha. Milima ya Lesotho ni masalio ya mafuriko hayo. Huko tabaka za mwamba mweusi zina unene wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Lava ya wakati huo inapatikana pia Msumbiji, Zimbabwe, Botswana na hata chini ya barafu za bara la kusini. Sehemu kubwa ilitoka kwa muda mfupi sana kwa hesabu ya miamba, pengine miaka milioni moja au mbili. Wataalamu huuita moto wa Karoo, kwa jina la nyika ya Afrika Kusini.

Ili nchi ya lava iitwe jimbo kubwa la volkano, hutakiwa iwe na eneo la angalau kilomita za mraba 100,000. Kaunti yote ya Kwale, kuanzia Likoni hadi mpaka wa Tanzania na kuingia bara hadi Mackinnon Road, ina kilomita za mraba 8,270. Pigia hesabu Kwale kumi na mbili zilizofunikwa na lava, na hapo ndipo unapoanzia tu. Majimbo ya Dekani kule Uhindi, ya miaka milioni 66 iliyopita, hata baada ya kuliwa na mvua bado yamefunika karibu kilomita za mraba 500,000, pungufu kidogo ya Kenya nzima. Na majirani zetu wa Ethiopia wanaishi juu ya jimbo lao, lililomwagika yapata miaka milioni 30 iliyopita. Nyanda za juu ambazo hupanda teff na kahawa ni lava hiyo iliyogeuka udongo.

Moto huo hutoka wapi? Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mwamba wa moto kupita kiasi hupanda polepole kutoka kina kirefu cha dunia, kama moshi mzito unaopanda katika chungu cha uji. Ukiwa chini umebanwa na uzito, hivyo hauyeyuki ingawa una joto. Ukikaribia juu, mbano unapungua, nao unayeyuka. Ukikuta ganda limeshavutwa na kunyong'onyea, unapata njia.

Huku kwetu Kwale huoni lava ya Karoo. Tulikuwa kandokando ya moto ule. Lakini mpasuko tuliupata. Madagaska ilianza kuondoka pwani yetu yapata miaka milioni 160 iliyopita ikielekea kusini, na bahari ikaingia. Ukienda upande wa Kambe, nyuma ya Mombasa, utaona chokaa ya bahari hiyo changa. Mpasuko haukupona vizuri. Uliacha ganda lenye makovu, na katika makovu hayo, baadaye sana, moto mdogo ukajipenyeza. Huo ndio Jombo na Mrima. Hata leo, kule Mwananyamala, upande huo huo wa Dzombo, kuna chemchemi za maji moto.

Mpwa wangu akasema: "Kwa hivyo Mrima ni mtoto, si mzazi." Sikuweza kusema vizuri zaidi.

Mtoto huyo lakini ametia watu kiwewe. Udongo mwekundu wa Mrima umeoza hadi kina kirefu, na katika kuoza huko madini yamejikusanya: niobiamu, inayotiwa katika chuma ili kiwe kigumu, na yale madini adimu ambayo viwanda vya simu na magari ya umeme vinayagombea. Wachimbaji wamekuwa wakitoboa mashimo ya uchunguzi huko tangu miaka ya 1950. Mwezi Machi 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni. Mwezi Julai ikatangaza kwamba madini adimu ya mlima huo yana thamani ya dola bilioni 62.4. Mwezi Agosti serikali ikaifuta leseni. Kampuni ikaenda kwa wasuluhishi wa kimataifa mjini Washington, nao Oktoba 2018 wakaikataa kesi, wakisema leseni haikupatikana kihalali, kwani mlima ni msitu wa hifadhi na idhini za mazingira hazikutimizwa.

Maana Mrima ni kaya. Mzee aliyetupokea, baada ya kuamkiwa na kuulizwa habari za nyumbani kwake moja baada ya nyingine kama ipasavyo, alitupeleka hadi ukingo wa msitu, si zaidi. Hatukuomba zaidi. Miti mikubwa ya namna ile huioni tena ukiwa barabarani.

"Wamekuja wengi," alituambia. "Wazungu, Wachina, watu wa Nairobi wenye suti. Wote huangalia chini. Mmoja alinipa chupa nimjazie mchanga."

"Ukampa, babu?" mpwa akauliza.

"Nikampa. Mchanga haukwishi. Nilimuuliza tu, mkiuhamisha mlima huu, mvua itajuaje pa kunyesha? Akacheka."

Liko jambo jingine ambalo wenyeji huuliza kwa sauti ya chini. Udongo wa Mrima una thoriamu, na thoriamu hutoa mionzi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Kenya wamepima hapo mionzi iliyo juu mara nyingi kuliko wastani wa dunia. Ni ya asili, haikuletwa na mtu, lakini watu wamejenga nyumba zao kwa udongo huo. Maoni yangu ni kwamba wanastahili kuelezwa vipimo hivyo kwa Kidigo na Kiswahili, nyumba kwa nyumba, kabla ya mtu yeyote kuja tena na hesabu za mabilioni. Kwale imeona tayari mwisho wa mgodi mmoja: mchanga wa titaniamu wa upande wa Msambweni ulianza kusafirishwa nje mwaka 2014, na Desemba 2024 uchimbaji ukafika kikomo. Miaka kumi na moja hivi, basi.

Jumatatu tulirudi Diani, nikatimiza ahadi ya bahari. Tulipanda ngalawa hadi kwenye mwamba, maji yakiwa yametoka, mpwa akavaa miwani ya kuzamia. Nahodha, mtu mzima kunipita, alikuwapo mwaka 1998. Mwaka huo maji ya Bahari ya Hindi yalipashika joto kupita kawaida, na matumbawe ya Kenya yakageuka meupe, kisha mengi yakafa. "Yaling'aa kama kanzu ya Idi," alisema. "Watalii walisema ni mazuri. Sisi tukajua ni sanda." Joto lilirudi tena mwaka 2016.

Nikiwa nimeshika ubavu wa ngalawa niliwaza tena mafuriko ya lava. Lava yenyewe huua walio chini yake tu. Watu wa Goma walioukimbia Nyiragongo Januari 2002 wanajua kwamba lava ina njia yake, na asiye njiani huokoka. Kinachoua walio mbali ni hewa. Mwaka 1783 ardhi ya Iceland ilipasuka mahali paitwapo Laki na kutoa lava kwa miezi minane, tone tu ukilinganisha na Karoo. Moshi wa salfa ukaharibu majani, mifugo ikafa, njaa ikaingia, na takriban mtu mmoja kati ya watano nchini humo akafa. Sasa zidisha hayo kwa maelfu, tena kwa karne nyingi mfululizo. Salfa huleta baridi na mvua ya tindikali, lakini hiyo husafika baada ya miaka michache. Kaboni dayoksaidi haisafiki upesi. Inajilimbikiza na dunia inapata joto. Kule Karoo lava ilijipenyeza pia katikati ya tabaka za tope lenye mabaki ya mimea na viumbe, ikalioka kama mkate, na gesi zaidi zikafoka kupitia mabomba ambayo bado yanaonekana katika miamba. Bahari ikapata joto, na maji ya joto hayashiki oksijeni vizuri. Kule Ujerumani kuna tabaka jeusi la wakati huo, lililojaa mifupa ya wanyama wa baharini waliozama katika tope lisilo na hewa ya kuwaozesha.

Na Karoo haikuwa mbaya kuliko zote. Yapata miaka milioni 252 iliyopita Siberia ilipasuka, na zaidi ya aina 80 kati ya kila 100 za viumbe vya baharini zikatoweka. Baharini, sehemu za joto, maji yalikaribia nyuzi 40. Miamba ya matumbawe ilitoweka duniani kote, na ilichukua mamilioni ya miaka kabla mingine kujengwa upya, na viumbe wa aina nyingine.

Nilimweleza hayo nahodha kwa ufupi, akauliza, na volkano za leo je? Nikamwambia ukweli: volkano zote za leo kwa pamoja hutoa kaboni dayoksaidi isiyofika tani bilioni moja kwa mwaka. Sisi binadamu, kwa magari, viwanda na mitambo ya umeme, hutoa takriban tani bilioni 37 kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi pekee. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Na mimi nina ngalawa ya tanga." Hapo sikuwa na jibu.

Tuliondoka Jumanne alfajiri. Baada ya Mariakani, kwenye barabara kuu ya Nairobi, kuna mahali malori husimama, paitwapo Maji ya Chumvi. Nimepita hapo mara nyingi nikisinzia. Safari hii mpwa alimwomba dereva asimame dakika tano. Kingo za barabara hapo ni za tabaka nyembamba nyembamba, kijivu na rangi ya kahawia, zinazobanduka mkononi kama kurasa za kitabu kilicholowa. Katika tabaka za jina hilo wanajiolojia wamepata visukuku vya samaki wa mwanzo wa zama za Triasi. Yaani samaki walioishi punde tu baada ya maafa ya Siberia, katika maji yaliyokuwa yakijaza ule mpasuko mchanga kabla bara halijavunjika. Ni wazao wa waliosalimika.

Mpwa alibandua kurasa kama ishirini hivi, akizipuliza vumbi moja moja. Hakupata samaki. Dereva wa lori la saruji alimuuliza kama amepoteza funguo. Alimjibu kwa heshima kwamba la, anatafuta samaki, na yule bwana akamtazama, akalitazama jua, akampa chupa ya maji.

Lile jiwe la Dzombo tulimwachia shangazi. Kusi ingali inavuma.